Tairi la Kilomita Arobaini

Mimi, Dulcie Pascoe, hasira zangu ziko puani, na watu wote wa mji wa Julia Creek wanalijua hilo. Kwa hiyo mwanangu Darcy alipomletea baba yake yale matairi makubwa, zawadi ya siku ya kuzaliwa, nilimwambia wazi kwamba pikapu ameivalisha viatu vya mtu mwingine. Darcy akacheka. Mervyn, mume wangu, akalizunguka gari, akayapigapiga matairi teke, akasema sasa tope halitatushika tena. Basi nikanyamaza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Kila mwaka, mwezi wa nane, mimi na Mervyn tunatoka nje ya lango la shamba letu, tunarudisha kihesabio cha kilomita kwenye sifuri, kisha tunaendesha kilomita arobaini kuelekea kaskazini. Huko ndiko alikoniomba tuoane. Tairi lilikuwa limetupasukia, naye yuko chini ya gari anahangaika na jeki, naona miguu yake tu, ndipo aliponiuliza. Nikamjibu atoke kwanza nione kama uso wake unasema kitu kilekile. Lile tairi bovu tuliliacha kando ya njia na mpaka leo ndilo kiti changu. Nalikalia, nakula mkate wangu wa nyama ya kopo na bitiruti, nakunywa chai, namsimanga Mervyn kidogo, tunarudi.

Huko hakuna mti wala kilima wala jiwe la kuwekea alama. Ni nyasi tu mpaka macho yachoke. Miaka ya ukame tairi linaonekana toka mbali, lakini mwaka huu mvua zilitujalia, nyasi zikanifika kiunoni, na sisi tukabaki na namba peke yake.

Ilipofika arobaini tukashuka. Mervyn akaingia kwenye nyasi, akaenda huku, akarudi kule. Tairi hakuna.

"Wameliiba," nikasema.

"Nani aibe tairi lililopasuka, Dulcie?"

"Basi umepotea, mzee wangu. Uzee huo."

Nilikuwa namtania tu. Lakini Mervyn hakucheka. Alivua kofia, akaja akanipa ufunguo wa gari.

"Endesha wewe," akasema.

Tangu tuoane, sijawahi kumwendesha mwanamume huyu akiwa mzima wa afya. Tulipofika katikati ya njia akaanza kusema, anatazama dirishani. Mwezi ule alikuwa ameipitiliza mara mbili njia ya kuingia kwenye kisima chetu cha mbali, njia ambayo aliichonga mwenyewe. Haina kibao, huwa anaijua kwa namba ya kilomita, na mara zote mbili alijikuta kwenye uzio wa jirani.

"Vern naye alianza hivihivi," akasema.

Vern alikuwa kaka yake. Alifariki akiwa amesahau hata majina ya watoto wake.

"Nitamwachia Darcy shamba," akasema Mervyn. "Tuhamie mjini kabla sijawa mzigo kwako."

"Mzigo umekuwa tangu siku ya kwanza, na nimeubeba. Usinichoshe na maneno hayo," nikamjibu. Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa. Nyumbani nilijifungia bafuni, nikafungulia maji yasikike, nikalia.

Darcy akaanza kututafutia nyumba mjini. Pikapu nayo ikaleta kiburi. Ukiifungia trela la ng'ombe, gia ya juu haiitaki kabisa, inajikongoja kwenye barabara iliyonyooka hivihivi. Nikaipeleka gereji kwa Leonie, na Mervyn akanifuata kwa sababu nilimlazimisha. Leonie ndiye fundi wetu, mama wa watoto watatu na mdomo wake hauna breki. Aliitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Mama Dulcie, nani kawafanyia hivi?"

"Mwanangu."

"Pole. Ana roho nzuri, ila kafanya kazi nusu. Tairi limekuwa kubwa, difu inayozungusha magurudumu imebaki na meno yake ya zamani, sasa injini inabeba mzigo usio wake. Nibadilishe meno ya difu yaende na ukubwa wa tairi. Tena difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilingane. La sivyo ukiunganisha magurudumu yote manne zitavutana mpaka moja ivunjike." Akafuta mikono. "Na mpaka nimalize, msiiamini dashibodi. Mkienda kilomita kumi na moja, yenyewe inawaandikia kumi."

Mervyn alikuwa ameketi juu ya pipa la oili, hana habari na mtu. Akainua kichwa.

"Hebu rudia hapo mwisho."

Leonie akarudia.

"Kwa hiyo mtu akienda kwa kuifuata hiyo namba?"

"Anapitiliza, mzee. Na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo anavyozidi kupitiliza."

"Ikisema arobaini?"

"Umeshapita kama nne."

Nilitaka kumrukia Leonie nimbusu na grisi yake yote. "Twende sasa hivi," nikamwambia Mervyn. "Turudi nyuma hizo nne tukalitafute."

Akatikisa kichwa. "Huenda ni matairi, Dulcie. Huenda ni mimi. Atengeneze kwanza, nione."

Leonie akatengeneza. Pikapu ikarudi kuvuta kama zamani, trela nyuma limejaa ng'ombe na haina neno. Jumapili nikarudisha kihesabio sifuri pale langoni, nikaendesha mimi. Njia nzima Mervyn hakuitazama dashibodi hata mara moja, alitazama mikono yake. Ilipofika arobaini nikasimama.

"Shuka ukaangalie," akasema.

"Sishuki. Kiti ni changu, kukitafuta ni kazi yako."

Akashuka. Akaingia kwenye nyasi polepole, nikawa naona mgongo na kofia tu. Mara kofia ikatoweka.

Niliruka kutoka kwenye gari na haya magoti yangu mabovu. Nikamkuta ameanguka chali, suruali imechanika, ameshika muundi wa mguu unaotoka damu, na chini ya paja lake lile tairi letu. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka masikioni.

"Limenikwaza," akasema. "Dulcie, lipo. Limenikwaza."

"Naliona. Nipishe kwenye kiti changu."

Akasogea. Nikaketi, nikamfunga mguu kwa leso, tukala mkate wetu, na chai ilikuwa bado ya moto. Nilipomaliza kukunja kitambaa cha mkate akaninyooshea kiganja.

"Lete ufunguo. Wewe unaendesha kama mtu aliyepakia mayai."

Nilikuwa na jibu lake tayari. Nikampa ufunguo, na njia nzima nikanyamaza.