Kiraka cha Jino la Mbele

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa ukaidi hana mpinzani. Mkasi uko palepale mezani, yeye anakata uzi kwa meno. Nimesema weee, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja jino lake la mbele, lile la bandia la kauri, likamegeka pembeni. Daktari wa meno akaliziba kwa kiraka cheupe vilevile, hata mimi mkewe nisione kilipoanzia.

Miezi michache tu, kiraka kikawa rangi ya kutu.

"Ndivyo viraka vilivyo, mama watoto," akaniambia huku akikohoa. "Havichuji sawa na nguo."

Sikukubali. Nikamkokota hadi kwa daktari.

"Kazi gani hii ya kulipua?" nilimwakia daktari, binti wa watu, mume wangu keshalazwa kwenye kiti, mdomo wazi, mrija wa kunyonya mate unakoroma.

Daktari hakukasirika. Akamulika taa. "Kauri haijabadilika, mama, tazama. Kiraka ndicho kinachofyonza rangi. Anakunywa kahawa sana?"

"Haigusi. Wala chai. Ni maji ya moto tu, kwa ajili ya kifua."

"Basi ni sigara."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. "Huyu? Pafu moja limekatwa, daktari! Tuliambiwa akirudia sigara, hata hilo lililobaki hatuna. Pakiti ya mwisho niliichoma mwenyewe. Usifunike kazi mbovu kwa kumsingizia mgonjwa!"

Daktari alikuwa anamtazama mume wangu, nami nikamtazama. Hawezi kusema neno, mdomo umeachama, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

Kumbe! Zile safari za kufuata vifungo kila jioni. Zile peremende anazorudi akizitafuna. Nilimchukia mtu yule, na papo hapo nikamshika mkono, maana nina nani mwingine?

"Nikikikwangua na kuweka kipya, kitakuwa cheupe kama mwanzo," daktari alisema taratibu.

"Weka," nikamwambia.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani, namvuta dirishani kwenye mwanga na kumshika kidevu. "Haya, nichekee," namwambia, naye hucheka, nami napumua.

Leo amekataa kucheka.