Miche Juu ya Mfereji

Mvua ilianza asubuhi, na kufika mchana Mama Miche alikuwa hasikii tena kelele za mabati juu ya banda la kitalu. Alikuwa anasikia mlima. Mawe yaligongana ndani ya maji huko juu, kwa sauti nzito ya chini chini, kama watu wanaosogeza makabati nyumba ya jirani. Mikono yake, iliyokuwa inajaza udongo kwenye viriba vya miche, ikasimama.

Sauti hiyo aliijua. Mwaka ule korongo lilipofagia nyumba za bondeni, wakubwa walikuja na mablanketi, wakapigwa picha wameyashika, wakaenda zao. Mablanketi yenyewe yakagawiwa kwa kujuana. Watu wamesahau. Yeye hajasahau hata rangi ya mablanketi hayo.

Ndiyo maana vikundi vitatu vilipoungana kuutibu mto kuanzia kichwani, yeye alikuwa mstari wa mbele. Wakulima wa juu walijenga ukuta wa mawe kulikatiza korongo, maji yatulie na udongo usiondoke. Wafyatua matofali wakapewa kazi za kuchimba, kina mama wa kitalu wakapewa miti. Serikali ilimtuma mtaalamu mmoja, mara moja, na viatu visafi. Na bintiye alipotaka kuhama bondeni, Mama Miche alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe: kaa, mwanangu, ukuta upo.

Akafuta tope mikononi, akampigia.

"Toka hapo nyumbani. Panda kwa shangazi yako."

"Mama, nimejifungua juzi tu. Niende wapi na kichanga kwenye mvua hii?"

"Nimesema toka."

"Si wewe uliyesema ukuta utazuia? Mume wangu alitaka tuhame, ukamwita mwoga mbele ya mama yake."

Simu ikakatika, au bintiye aliikata. Alipopiga tena haikupatikana.

Moyo ulimvuta bondeni, kwa bintiye. Lakini mtu mmoja ataweza kubeba watoto wangapi wa bondeni? Ukuta ukishika, wote watapona. Akaligeuzia bonde mgongo, akapanda mlima huku nguo zimemganda mwilini, anateleza, anashika nyasi, anateleza tena.

Alipofika alikuta maji yamekaribia ukingo wa ukuta. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, yanazunguka polepole kama kitu kinachofikiria. Pembeni walisimama wafyatua matofali, majembe begani, hawafanyi lolote. Mwenyekiti wa wakulima wa juu, mzee waliyembandika jina la Katiba kwa kupenda kwake kanuni, alikuwa chini ya mwavuli uliovunjika mbavu.

"Mbona mmesimama?"

"Tunakungoja wewe, mama," alisema kiongozi wa wafyatua matofali, kijana wa miraba minne aliyeitwa Tanuri. "Mfereji wa kando umepandwa miti. Na miti ni yenu."

"Mfereji gani?"

Tanuri akaelekeza kidole. Mwisho wa ukuta, mahali ambapo maji yakizidi yalipaswa kupata njia ya kutokea, palikuwa na mstari wa miche iliyonyooka kama wanafunzi, udongo umejazwa na kushindiliwa vizuri. Kazi hiyo aliisimamia yeye. Wafadhili walikuwa wanakuja, naye aliona shimo limeachwa wazi, akajua ni hawa vijana wamechota udongo wa matofali wakaacha kidonda, kama kawaida yao. Hakuuliza. Kina mama wakabeba udongo kwa mabeseni, wakafukia, wakapanda. Wageni walipiga makofi papo hapo, juu ya mfereji.

"Hamkuniambia," alisema.

"Tungekuambia lini? Tulikanyaga miche yenu mitatu, mkatusimamisha kikaoni tuombe msamaha kama wezi wa kuku. Mkapitisha kanuni kwamba kikundi hakigusi kazi ya kikundi kingine mpaka pande zote tatu zikae. Tukasema haya, miti ina wenyewe."

Katiba akakohoa. "Ndivyo kanuni inavyosema, dada yangu. Lakini sasa umefika, akidi imetimia. Tunaweza kufungua kikao."

"Kifungue, mzee," sauti ikatoka nyuma. "Maji yatakuja kuandika muhtasari."

Wawili watatu wakacheka. Kisha jiwe moja likachomoka juu ya ukuta, likaanguka upande wa bondeni, na kicheko kikafa kinywani. Walilisikia likishuka, likigonga, likishuka, muda mrefu kuliko walivyotaka.

Mama Miche akapiga magoti. Akaushika mche wa kwanza kwenye shina, akavuta. Haukutoka. Mizizi ilikuwa imeshika barabara. Maisha yake yote hakuwahi kutamani mche wake uwe umekufa, leo alitamani. Akavuta kwa mikono miwili mpaka ukang'oka na bonge la udongo.

"Chimbeni," alisema.

Hakuna aliyesogea. Tanuri alikuwa anatazama bondeni, kule mfereji ulikoelekea. Kule, mbali na nyumba, kulikuwa na uwanja wao wa kazi, na matofali mabichi ya msimu mzima yamepangwa chini ya makuti, yakingoja moto.

"Mama, unajua maji haya tukiyafungulia yanapita wapi?"

Alijua. Na hofu mpya ikamjia, kwamba watakataa, na kwamba angekuwa wao angekataa.

"Najua."

"Nilitaka tu ulitamke," alisema Tanuri, akashusha jembe.

Wengine wakafuata. Hata Katiba aliutupa mwavuli, akachimbua kwa koleo. Maji yalitoka kwanza kama ulimi, yakalamba udongo, kisha yakabeba miche yote kwa mkupuo. Hawakusikia kitu kutoka uwanjani. Tofali bichi likiyeyuka halina kelele. Ukuta uliendelea kukoroma, na maji yakashuka kidogo kidogo, kwa uchoyo. Hakuna aliyeshangilia.

Mama Miche hakungoja. Alishuka mbio mpaka mlangoni kwa bintiye. Maji ya tope yalikuwa yameshaingia, ndala zinaelea. Binti amekaa juu ya kitanda, mtoto kifuani, macho yamemtoka.

"Mama, naona maji hapo mlangoni yanarudi nyuma. Si tubaki sasa?"

Kule juu mawe yakagongana tena. Mama Miche, mwenye jibu la kila kitu, akamchukua mtoto, akamfunga kifuani pake.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana tunaondoka."

Bintiye akamtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mama yake akisema hajui. Akashuka kitandani haraka, hakuchukua hata kiatu.