Sala Yenye Namba

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa mkalimani wa misheni ya Fon Bayò, huko milimani juu ya mji wa Jeremi. Ukalimani ulikuwa jina tu. Asubuhi nilifungua zahanati, nikawapanga wagonjwa kwenye mabenchi, nikachemsha vifaa. Mchana niliandamana na Madam Harlan kwa wajane na wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Jumapili nilisimama kando ya Pasta Harlan kanisani na kuyageuza maneno yake kuwa Kikreoli. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi, lakini Kikreoli chake kilikuwa cha kusalimia na kuomba kahawa.

Alikuwa mtu mwema. Nasema hivi mapema kwa sababu wanaosikia habari hii hudhani alikuwa mbaya au mjinga. Siku moja mto ulipofurika nilimwona akivuka maji ya kifuani, amembeba bibi kizee mgongoni, na bibi mwenyewe akimtukana njia nzima kwa kumlowesha sketi.

Kampeni zilipoanza, hapakubaki ukuta usio na sura ya mtu. Waliogombea ubunge walikuwa wengi, ila wenye nguvu wawili. Mmoja alikuwa wakili wa mjini, Mèt Klodomi, maana kwetu kila wakili huitwa Mèt, namba saba. Mwingine alikuwa Injinia Telisma, namba kumi na mbili, aliyetujengea daraja likabebwa na mvua ya kwanza. Wasiojua kusoma waliwajua kwa namba zao. Vijana wa Injinia walipita na bendi ya mianzi, wakipuliza na kumwimbia wakili matusi. Vijana wa wakili wakajibu kwa gari la vipaza sauti. Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Ansem, dereva wetu wa misheni, alikula kwa pande zote mbili.

"Injinia ameleta mchele," aliniambia. "Mèt ameleta dagaa wa kopo. Wakija wiki moja, ni karamu."

"Na kura utampigia nani?"

"Dada Imakila, siku hiyo mimi nitapiga usingizi."

Jumapili moja Mèt Klodomi akaja kanisani. Suti nyeupe, viatu vyeupe, na nyuma yake vijana walioelekeza simu zao mimbarani. Alikaa benchi la mbele, akaimba nyimbo zote bila kitabu. Kabla ya baraka ya mwisho akasimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mwenye dhambi anayetaka kuwatumikia watu wake, na anaomba sala ya mtumishi wa Mungu.

Nikamtafsiria Pasta, kisha nikaongeza chinichini, kwa lugha yake, "Usimwekee mikono. Mwombee akiwa palepale alipo, na uwaombee wagombea wote."

"Imakila, sala haina chama."

"Yako haina. Hiyo watakayoondoka nayo ndiyo itakayokuwa nacho."

Akanigusa bega kama mtu anayemtuliza mtoto, akashuka, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha wakili. Pasta alijua kuomba. Sauti yake ilitetemeka, kanisa likanyamaza. Akasema, "Bwana, mpe mtumishi wako huyu ushindi juu ya kila adui yake."

Mimi nilijua ni maadui gani anaowasema: dhambi, kiburi, Shetani. Ndivyo alivyomwombea kila mtu, hata wanafunzi waliokwenda kufanya mitihani. Lakini benchi moja walikaa watu wa saba, na la nyuma yake watu wa kumi na mbili, na kinywa kilichotakiwa kulitamka neno lile kilikuwa changu.

Nikasema, "Bwana, mpe mtumishi wako huyu nguvu ya kushinda majaribu."

Mèt Klodomi akainua kichwa. Sikujua kwamba alisomea sheria ng'ambo, kwa lugha ya Pasta. Akanitazama kwa tabasamu, kisha akawageukia watu.

"Mkalimani wetu amechoka, maskini. Ndugu zangu, Pasta amesema ushindi. Ushindi juu ya kila adui." Akamgeukia Pasta, akamuuliza kwa lugha ya Pasta mwenyewe, tena safi, "Sivyo, Pasta?"

Pasta, ambaye hakuelewa kilichokuwa kimesemwa, akaitikia kwa kichwa. "Amina."

Nusu ya kanisa ikasema amina. Nusu nyingine ikaanza kutoka. Nilimwona Jozafa, fundi wa pikipiki aliyekulia katika shule yetu ya Jumapili, akivaa kofia yake ndani ya kanisa kabla hajaufikia mlango.

Siku mbili baadaye gari la vipaza sauti lilikuwa likizunguka na sauti ya Pasta mwenyewe, ikifuatwa na ya wakili: ushindi juu ya kila adui, piga saba. Lilizunguka tangu kuku wanapotoka bandani hadi wanaporudi. Sokoni, mama aliyeniuzia samaki mkavu kila wiki alinifungia bila kunitazama.

"Kumbe siku hizi na misheni ina namba."

"Misheni haina namba, mama."

"Basi mwambie mzungu wako alinyamazishe lile gari."

Nilipopita mbele ya ofisi ya wakili, vijana wake nao wakasema kwa sauti, nisikie, "Huyo ndiye aliyetaka kuificha sala ya Pasta. Ameshalishwa na Injinia." Kwa hiyo wiki ileile moja nikawa adui wa wote wawili.

Nikamwendea Pasta nyumbani kwake. Nilimwambia, "Twende redioni Jeremi. Useme tu kwamba ulimwombea kama unavyomwombea kila mtu, na kwamba misheni haimchagulii mtu mbunge. Maneno machache. Nitayatafsiri mwenyewe."

Alikuwa ametoka kuzungumza kwa simu na wakubwa wake ng'ambo. "Wamesema tusijiingize kwenye siasa."

"Tumeshaingia, Pasta. Sasa tunatafuta mlango wa kutokea."

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Siwezi kusimama redioni nikaikana sala. Kimya ndiyo hekima. Watasahau."

Madam Harlan akatumiminia kahawa, akaniuliza hali ya mama yangu. Mazungumzo yakaishia hapo. Kijijini kimya kile walikisikia vizuri, wakakichukua kuwa ndiyo.

Elmita alikuwa komè wangu. Nilimshika binti yake wa kwanza kwenye maji ya ubatizo, na kwetu undugu wa namna hiyo unaweza kuupita wa damu. Wiki ya mwisho ya kampeni aliletwa zahanati asubuhi, uchungu umemwanza mapema. Nesi akampapasa tumbo, akanivuta kando. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Hapo kwetu hapakuwa na la kufanya. Ilikuwa hospitali ya mjini, tena upesi.

Mumewe, Frenel, alikuwa mkulima wa viazi vikuu, mtu asiyehudhuria mkutano wa yeyote. Alitaka wanaume wambebe kwa njia ya mkato ya mashambani. Mimi nikasema gari la misheni. Njia ya mashambani ina makorongo, na Elmita alikuwa anauma nguo asipige kelele.

"Njia imefungwa huko chini," Frenel alisema. "Litapita?"

"Ni mgonjwa. Watatupisha."

Ansem akaendesha, Frenel na mimi tukamshika Elmita nyuma. Kwenye kona ya kisima tukakuta mawe yamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, tairi linawaka katikati, na vijana wa Injinia kivulini na chupa yao ya kleren, pombe yetu kali ya miwa. Jozafa akaja dirishani.

"Dada Imakila, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Jozafa. Toeni mawe, tuna mama mwenye uchungu."

Akachungulia ndani. Alivua kofia. "Pole sana, dada Elmita. Yeye apite. Gari halipiti."

"Apite vipi bila gari?"

"Gari jingine lolote lingepita. Hata la polisi. Hili ni la namba saba."

"Wewe ulijifunza kusoma ndani ya misheni hii."

"Ndiyo, dada. Na kusikia pia. Nilisikia vizuri."

Kijana mmoja nyuma yake akacheka. Mwingine akasema Mèt ana ushindi wa mbinguni, basi malaika wake walinyanyue gari. Nikashuka nikawafokea, nikawataja mama zao kwa majina, na kila nilivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kuniona mtu wa saba. Frenel hakufoka. Alishuka, akaongea nao kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji kwa jirani. Aliongea kwa muda mrefu, na ndani ya gari Elmita akaacha kuuma nguo, akaanza kupiga kelele.

Kelele ile ndiyo iliyowatisha. Lakini hata hapo hawakutoa mawe. Waling'oa mlango wa kibanda cha bahati nasibu kilichokuwa kando ya njia, wakamlaza juu yake, wakambeba wao wenyewe kuteremka kilima hadi hospitali. Jozafa alishika pembe ya mbele. Jua lilikuwa kali, na niliona jasho linamtiririka hadi kwenye fulana yake yenye namba kumi na mbili. Alimbeba kwa uangalifu, akiwaonya wenzake kila penye shimo. Nilitembea kando nikimfunika Elmita uso kwa kitambaa changu cha kichwa, nikimchukia Jozafa kwa kila hatua aliyoipiga vizuri.

Madaktari walimwokoa Elmita. Mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa wa kiume.

Walimzika uani, kando ya babu zake. Pasta Harlan alikuja kwa miguu, Biblia mkononi, macho mekundu. Frenel alimwona akiingia, akaniambia mimi, si yeye:

"Mwambie arudi. Sala zake zina namba, na mwanangu hakufikia hata umri wa kupiga kura."

Nikatafsiri neno kwa neno. Safari hii sikulainisha.

Pasta alisimama palepale. "Mwambie ninasikitika kutoka moyoni."

Nikamwambia. Frenel akasema asante, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, akageuka kupokea koleo. Nikaingia ndani kumwona Elmita. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwita komè, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Wewe ulisema watatupisha," alisema.

Hata siku zilizofuata hakunipokea. Uji niliompelekea ulirudishwa na binti yake, mtoto wangu wa ubatizo, bakuli bado limefunikwa.

Kabla ya siku ya kura, wakubwa wa misheni waliagiza wazungu wao waondoke hadi hali itulie. Ndege ndogo ikawachukua Jeremi. Pasta alinikabidhi funguo za zahanati, akanishika mikono yote miwili. "Tutawaombea," alisema. Nikamtakia safari njema.

Nilikwenda kupiga kura. Jina langu halikuwa kwenye kituo chetu. Nikaambiwa liko ng'ambo ya mto, na mto siku hiyo haukuvukika. Nikarudi nikafunga vidonda vya watu, maana vilikuwepo. Watu walikuwa wamepigana kwa mapanga huko shuleni, kwenye kituo cha kura, na wa saba na wa kumi na mbili walikaa benchi moja wakinisubiri, hakuna aliyetaka nimshike kwanza na hakuna aliyetaka nimshike mwisho.

Injinia Telisma akashinda. Mèt Klodomi alilia wizi redioni mpaka sauti ikamkauka, halafu akapewa cheo mjini, akasema kwenye redio ileile kwamba nchi ni kubwa kuliko namba. Picha yao wakikumbatiana ilibandikwa juu ya picha zao za kampeni.

Pasta aliporudi, wote wawili walimwomba ibada ya shukrani. Alifurahi. Aliona upatanisho ule kuwa jibu la sala zake. Langoni alikuwa amewekwa mlinzi mpya, Jozafa, kwa maombi ya Mheshimiwa Telisma. Siku ya kwanza alinifungulia, akasema "Dada," akatazama chini.

Kisha Pasta akaniita ofisini. Alizunguka sana kabla ya kufika.

"Watu bado wana kinyongo na wewe, Imakila. Pande zote mbili. Sioni kama ni haki. Lakini kwa ajili ya amani, tumepata mkalimani mwingine kwa sasa. Ni mpwa wa Mheshimiwa, amesoma vizuri. Wewe utabaki zahanati. Mshahara haubadiliki."

"Pande zote zina kinyongo na mimi," nikasema, "na pande zote zimealikwa Jumapili."

"Nilijua utaelewa," akasema, kwa upole kabisa. Mpaka leo sijui kama alinisikia.

Sikuacha kazi. Ningependa kusema niliacha. Mama yangu alikuwa hatembei tena, na Fon Bayò mzima hapakuwa na mwajiri mwingine. Jumapili ile ya shukrani nilikuwa ua wa nyuma, kwenye beseni la bandeji, nikisikia sauti ya Pasta ikipanda na nyingine ikiifuata, sauti ya kijana, yenye Kikreoli cha mji mkuu. Watu waliitikia amina, wote pamoja. Frenel na Elmita hawakuwemo. Tangu mazishi hawajakanyaga pale, na mtoto wao akiugua humpeleka mjini kwa miguu.

Baada ya ibada yule kijana alinifuata uani. Alikuwa na adabu, akajitambulisha, akasema Madam Harlan amemwambia mimi ndiye ninayejua yale maneno ya huku mlimani, ya magonjwa na ya mashamba. Nikamwelekeza aliyouliza. Akabaki amesimama, anasugua shingo.

"Dada, na Pasta akisema jambo ambalo naona litaleta matata, nifanye nini?"

"Litafsiri."

"Lote?"

"Lote. Halafu toka kwa mlango wa nyuma kabla yao."

Akacheka, akidhani natania, akaondoka kwenda kula na wageni. Nikayamwaga yale maji machafu, nikachota mengine.