Ombi la Kuzimiwa Umeme

Mvua ilikatika alfajiri. Kulipopambazuka, ukuta wa ukumbini ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno, na Mzee Fikirini alikuwa ameshavaa buti zake za mpira, zile alizoondoka nazo bandarini siku alipoambiwa mgongo wake umeisha kazi. Alipanda juu ya kreti la soda, akanyoosha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, akagusa msumari wa kalenda. Kijitaa chekundu ndani ya mpini kikawaka.

Akashuka. Akaenda kwenye swichi kuu pale mlangoni, akaizima, akarudi kugusa tena. Kijitaa kikawaka vilevile, kama mtu uliyekwisha kumfukuza ambaye bado yuko sebuleni anakucheka.

Chini alikuwa amechora mstari wa mkaa, hatua moja kutoka ukutani, kuanzia mlango wa mbele mpaka uani. Hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka. Mpangaji wake wa mwisho alihama wiki ya pili baada ya msiba. Alisema hawezi kulipa kodi katika nyumba yenye mpaka kama wa Tunduma.

Moza, mkewe, alikufa saa nne asubuhi, vibanio viwili vya nguo vikiwa bado mdomoni. Kamba ya kuanikia ilikuwa ya waya, imefungwa kwenye ncha ya bati, na bati lililalia ukuta huo. Alikuwa anaanika shuka. Fikirini alikuwa chooni. Alimsikia anaanza kumwita, jina likakatika katikati. Watu wa ofisi ya umeme walikuja siku ya tatu, wakati jamaa wako kwenye hitima. Wakaangalia, wakaandika. Karatasi yao ilisema kutoka nguzoni mpaka kwenye mita ni mali ya ofisi, kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mali ya mteja. Moza alifia ndani.

Arobaini ilipita. Siku ya pili yake Sitara akapiga simu. Ndiye mtoto wao pekee, na alikuwa amejifungua wiki moja kabla.

"Baba, Ijumaa ijayo nakuja. Mzazi wa kwanza analelewa kwao."

"Mama yako hayupo, mwanangu."

"Kwetu si kupo?"

Fikirini akatazama mstari wa mkaa.

"Na kamba ya nepi uifunge mapema, Baba. Huyu anakojoa kama bomba lililopasuka."

Angemwambiaje kwamba ukuta uliomuua mama yake bado una umeme? Mumewe alikuwa na chumba kimoja Mbagala, na humo wanalala wadogo zake wawili. Baba gani humwambia mtoto wake kwamba kwao hakuingiliki?

Siku hiyohiyo akauza kitanda cha wageni na redio, akaenda Kariakoo, kwenye baraza za maduka ya vifaa vya umeme, ambako mafundi hukaa na mikoba yao kusubiri wateja. Wengi walimwambia, "Kazi ndogo hiyo, babu, twende." Mmoja tu ndiye aliyemuuliza ukuta unachukua siku ngapi kukauka. Huyo ndiye aliyemchukua. Aliitwa Beno, mtu wa Songea, mwenye kovu jeusi la kuungua kiganjani.

Beno akaikagua nyumba bila haraka, akagonga huku, akanusa kule.

"Mzee, nyumba hii alifunga umeme nani, Mjerumani?"

"Baba mkwe wangu. Mwaka sabini na sita."

"Basi waya huu ulishastaafu, nyie ndiyo mnaulazimisha kazi." Akaacha kucheka alipogusa msumari. "Sikiliza, mzee. Ugonjwa hauko baada ya swichi kuu, uko kabla. Huu waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye swichi umezikwa humu ukutani, na ngozi yake imeoza. Ukuta ukilowa unakunywa umeme. Uzime, usizime, umo."

"Utoe."

"Kuukata na kukupitishia mpya ndani ya bomba, juu ya ukuta, ni saa moja. Nakuchimbia na waya wa ardhini. Mjukuu wako aulambe ukuta akitaka. Lakini kichwa cha waya kimefungiwa mle." Akaonyesha mita iliyokuwa nje, karibu na mlango wa mbele. Kwenye kifuniko chake kulikuwa na kidude cha plastiki cha manjano chenye namba. "Sili ya ofisi ile. Nikiikata, jela. Nisipoikata, hakuna kazi."

"Kwa hiyo?"

"Waje wazime juu ya nguzo. Dakika mbili tu. Waandikie barua."

Fikirini aliishia darasa la nne. Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: NAOMBA KUZIMIWA UMEME ILI FUNDI ATOE WAYA ULIOMUUA MKE WANGU.

Msichana wa dirishani alivaa kitambulisho shingoni: Evarista. Alisoma barua, akaisoma tena.

"Mzee wangu, watu wanapanga foleni hapa kuomba kuwashiwa, wewe unaomba kuzimiwa?"

Wenzake wawili wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akabonyeza namba ya mita.

"Mteja ni Moza Salumu Pazi. Yuko wapi?"

"Ndiye aliyekufa. Nyumba ilikuwa ya baba yake."

"Pole sana. Sasa ombi la kuzimiwa lazima asaini mteja."

"Amekufa, mwanangu. Kwa waya huohuo."

"Nimekuelewa, mzee wangu. Ndiyo maana nakwambia lete hati ya kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, tubadilishe jina. Ukishakuwa mteja, unaomba."

"Mahakama inachukua muda gani?"

"Hiyo ni mahakama. Siyo sisi."

"Mtoto mchanga anakuja Ijumaa."

"Ningekusaidia. Mfumo haunikubalii." Akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Fikirini akaliona jina la mkewe, limeandikwa vizuri, na mbele yake neno la kijani: HAI.

Alirudi Jumatatu. Alirudi Jumanne, Evarista hakuwepo, na aliyekuwepo alitaka aelezwe upya tangu mwanzo. Akapiga namba ya dharura. Sauti ikamwambia taarifa yake imepokelewa. Jumatano ikamwambia hivyohivyo. Alhamisi mvua ikanyesha mchana kutwa, maji ya bonde la Jangwani yakafunga barabara, na msumari ukawasha testa hata kabla ya kuguswa sawasawa.

Ijumaa, baada ya swala, alimkuta Beno mlangoni na bomba jipya begani.

"Wamezima?"

"Kata."

"Mzee..."

"Kata, Beno. Mwanangu ameshapanda bajaji. Wakiuliza, nitasema nimekata mimi."

Beno akavua kofia, akaishika kidogo, akaivaa tena. Akachukua plaizi. Ile sili ilitoa mlio mdogo tu, kama karanga inayobanjwa. Lakini kifuniko kilipofunguka, mita ikalia *tii*, taa yake ikageuka nyekundu, na feni ya jirani, aliyevuta umeme wake kutoka nyumba hii, ikaacha kuzunguka.

"Imejizima yenyewe," Beno akasema. "Hizi mpya zinajua kujitetea. Watakuja wao kuiwasha. Waje, watakuta waya mpya."

Akaingia kazini. Akaukata ule waya mkongwe ncha zote mbili. Ngozi yake ilimeguka vidoleni kama magamba ya samaki wa juzi. Akapitisha mpya ndani ya bomba jeupe, akalipigilia juu ya ukuta, limenyooka kama rula. Kisha akamwita.

"Njoo na testa yako. Mita imezima, lakini hata wakiiwasha, ukuta huu haushiki umeme tena."

Kijitaa hakikuwaka. Fikirini akajaribu msumari wa pili, na nondo za dirisha, na ncha ya bati. Hakikuwaka. Akavua buti moja, akavua na ya pili, akavuka mstari wa mkaa, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi, wenye unyevu, kama ukuta wowote. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Beno akageukia mkoba wake akajifanya anatafuta kitu.

Gari lilifika kabla Beno hajakaza skrubu ya mwisho. Waliteremka watatu: askari mwenye bunduki, kijana wa ngazi, na bwana mnene wa fulana ya kung'aa iliyoandikwa kifuani Godbless.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nani amekata sili?"

"Mimi. Mmejuaje?"

"Mita inasema yenyewe. Ukiigusa tu, ofisini tunaona."

Fikirini alisimama peku kwenye sakafu yenye maji. "Siku ya mke wangu ilisema?"

Godbless akaangalia simu yake kubwa, akaperuzi. "Ule umeme ulikuwa umeshapita kwenye mita, mzee. Ukishapita ni wako."

"Na waya?"

"Wako."

"Mimi nimebadilisha waya wangu."

"Waya ni wako. Sili ni yetu." Akamgeukia Beno. "Leseni."

"Bosi, nina miaka kumi na tisa kwenye hii kazi."

"Sikukuuliza umri. Leseni."

Beno akatazama kovu la kiganja chake kana kwamba limeandikwa humo. Askari akamshika mkono, si kwa nguvu, akampandisha garini.

"Nimesema nimekata mimi!" Fikirini akapiga kelele. "Nichukueni mimi!"

"Na wewe utaitwa, mzee wangu. Kila mtu na zamu yake." Godbless akagonga bomba jeupe kwa kucha, akasikiliza mlio wake. "Waya mzuri huu. Abdulmajid, ng'oa. Ni kielelezo."

Yule kijana aling'oa bomba na waya, akauzungusha mduara mzuri, pamoja na kipande kilichobaki bila kutumika, akaviweka nyuma ya gari. Kisha akarudi na mkoba. Fikirini alipomwona anachubua ncha za waya wa zamani, zile zilizochungulia kutoka ukutani, ndipo akafahamu.

"Mnafanya nini?"

"Tunarudisha kama ilivyokuwa," akasema Godbless. "Mpaka kesi iishe, hakuna kugusa."

"Basi msiwashe. Nawaombeni. Ondokeni na mita yenu, sitaki umeme."

"Siwezi kumkatia mteja huduma bila ombi lake."

"Mimi ndiye ninayeomba!"

"Wewe si mteja, mzee."

"Bosi," Beno akasema kutoka garini, taratibu, kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake, "waya huo unavuja. Pima tu. Kuna mtoto mchanga anakuja."

Abdulmajid akasimamisha mkono, akamtazama mkubwa wake.

"Tumeitwa kwa sili," Godbless akasema. "Kuvuja ni taarifa nyingine, mna namba ya dharura." Akabonyeza tarakimu kwenye mita, moja moja. Ikalia *tii*. Taa ikageuka kijani, na kwa jirani feni ikaanza kuzunguka. Akafunga sili mpya, ya buluu, akaivuta mara mbili kuona kama imeshika.

Gari lilipoondoka, Beno alikuwa ameinamisha kichwa. Mkoba wake ulibaki ukumbini, wazi, plaizi juu. Fikirini akavaa buti zake.

Bajaji ya Sitara ilifika alasiri. Alishuka polepole, kwa mwendo wa mzazi, kanga imekazwa tumboni, na kichanga kimefunikwa mpaka usoni.

"Baba, shika mke wako. Tumempa jina la mama."

Fikirini akampokea Moza, mwepesi kama mkate. Hakuwapitisha ukumbini. Aliwazungusha kwa kichochoro cha nyuma, kilichobanwa na ukuta wa ghorofa la jirani, mpaka uani, alikokuwa ametandika mkeka katikati kabisa, mbali na kila ukuta.

"Mbona hatuingii ndani?"

"Huku kuna hewa."

"Na buti za nini, Baba?"

"Matope."

Sitara akaketi mkekani. Alimnyonyesha mtoto, akamlaza, kisha akavuta beseni akafua nepi alizokuja nazo zimelowa. Zilikuwa tisa. Alipomaliza akainuka, akaangaza macho ua mzima. Kwenye ncha ya bati kulikuwa na fundo la waya lenye kutu, limekatwa karibu na shina.

"Baba, kamba iko wapi?"

Fikirini alikuwa nayo kamba. Ya nailoni, mpya, ilikuwa mfukoni mwake tangu Jumatano. Lakini ya kuifungia wapi? Msumari upo ukutani. Nondo zipo ukutani. Bati liko juu ya ukuta, nguzo ya choo imeegemea ukuta, na ghorofa la jirani limepigwa plasta laini, halina hata pa kuning'iniza kanga. Na kamba ikilowa, nani anajua.

Akaenda akasimama katikati ya ua, karibu na mkeka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Anika hapa."

Sitara akacheka. Alimtazama usoni, kicheko kikakatika. Akaweka nepi ya kwanza juu ya mkono wa kulia. Akaweka ya pili. Alianika zote tisa, nne huku, tano huku, akizinyoosha mikunjo kama alivyofundishwa na mama yake, na maji yakamchuruzika baba yake kwapani, yakaingia ndani ya buti.

"Utasimama mpaka lini, Baba?"

"Mpaka zikauke."

Nepi zilianza kumvuta mabega chini, akayainua tena. Kutoka uani, kupitia mlango ulioachwa wazi, aliuona mstari wa mkaa umefutwafutwa na viatu vya watu. Juu, upande wa Jangwani, wingu lilikuwa linajikusanya upya.