Wenye Kanzu wa Mkuyuni

"Makako ni makako, mama Latifa! Avae nyeusi, avae nyeupe, tumbo ni moja!"

"Muntu moja wa Kilembwe akikuibia, utachoma Kilembwe yote?" Latifa alimjibu.

Pulchérie alishika kiuno. Mpakani mwa mashamba yao, mlimani juu ya mji wa Baraka, ulisimama mkuyu mkubwa, na mumewe Norbert alikwisha kunoa shoka. Mahindi yanaliwa na makako, kima wa kila aina; mkuyu walalamo mbega ukianguka, wezi watakosa nyumba. Sauti yake ilifika hadi kisimani, ambako wanawake waliteremsha ndoo zao wasikose hata neno.

"Mwizi ni nyani, anatoka kwa mawe kule juu," Latifa alisema. "Tumbili anadokoa. Sokomutu, ule sokwe, hashuke huku, iko kwa pori yake na batoto. Lakini mbega anakula majani! Uliona lini mbega na hindi mukononi?"

"Unabatetea kama bashemeji yako."

Kisimani wakacheka. Latifa hakucheka. Tangu mumewe afe, nyumba yake iliyokuwa haiishi wageni ilinyamaza, na sauti ya kwanza kumfikia kila alfajiri ilikuwa ngurumo ya mbega, nzito, ikijibiwa bonde kwa bonde. Ndiyo iliyomwamsha aswali. Hakumwambia mtu, wangesema mjane ameolewa na makako.

Jioni shoka likalia. Mbega waliondoka mmoja mmoja, bila kelele, manyoya marefu meupe yakipepea mabegani, kama wazee wenye kanzu wanaotoka msikitini, kila mmoja na mawazo yake. Giza lilimkuta Norbert hajafika hata kati ya shina. Akauacha mti na jeraha lake, angemaliza kesho.

Latifa aliota ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu, na wenye kanzu wakitembea juu ya maji kuelekea rasi ya Ubwari. Wa mwisho alikuwa mumewe, hageuki. Akamfuata, akamfuata, maji hayamlowanishi nyayo, wala hakuna wa kumwita arudi.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshakaa mkekani. Alfajiri imempita. Na nje Pulchérie anapiga yowe.

Nyani walikuwa shambani kwake, wameketi kama wageni wa harusi, wanamenya mahindi. Wanawake hao wawili walipiga sufuria mpaka mikono ikafa ganzi. Nusu ya shamba ilikuwa chini.

"Siku zote nafika mbele yabo," Pulchérie alisema akihema. "Leo mbona sikuamuka?"

"Nani anakuamushaka?"

Pulchérie alifungua kinywa, akautazama mkuyu uliokuwa mtupu.

"Ile ngurumo," alisema polepole. "Nilizani inaniamusha mi peke yangu."

"Hata mi," Latifa akasema.

Norbert alipokuja na shoka, mkewe alimnyang'anya, akampa udongo wa mfinyanzi. Mtaa mzima ulimwona akiliziba jeraha la mti, taratibu, kama amkandaye mgonjwa. Kisha zikafuata asubuhi za ukimya. Majirani wakawa wanaamshana kwa kugongeana ukuta.

Hata alfajiri moja, mbali, halafu karibu, ngurumo. Latifa alilala akisikiliza, hajui bado yuko majini au mkekani. Akainuka, akaswali, akawasha moto, akasonga bugali. Alipofungua mlango, Pulchérie alikuwa amesimama pale, kitenge upande, nywele hazijafungwa. Tangu ugomvi hakuwa amekanyaga humo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Moshi wa jikoni ukapita kati yao.

"Sasa unasimama kwa mulango kama mutoza kodi? Ingia, mama Pulchérie, mwite na Norbert. Sombe ya muhogo iko, samaki ya ndagala iko. Nimepika ya bantu wengi."