Mbuzi Hakula Kiatu

Kitu cha kwanza alichokigundua mama mdogo ni kwamba mtoto hakucheka.

Walikuwa jikoni. Yeye alikuwa anashona vifungo vya mashati ya sare aliyobeba kutoka kazini, na mtoto amesimama kando ya meza akisoma kwa sauti. Mtoto mwenyewe ni binti wa dada yake, yuko darasa la nne, na nyumbani walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua anazimwa wapi. Alisoma kama mvua juu ya bati, maneno yanashuka yote kwa pamoja, hakuna hata moja linalopata nafasi ya kupumua. Kitabu kilikuwa hadithi ndefu ya msichana anayemficha mbuzi ghorofa ya tatu. Redio akafika pale mbuzi anapotoa kichwa dirishani, na jirani wa chini, ambaye macho yake yamechoka, anamwamkia akidhani ni bibi wa yule msichana. "Shikamoo, bibi. Leo ndevu zimependeza."

Mama mdogo alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Redio akasonga mbele na uso mkavu, akafika mwisho wa sura, akafunga kitabu.

"Niulize," alisema.

Ndivyo mwalimu alivyoagiza. Kila sura, mtu mzima wa nyumbani aulize maswali matatu, ayaandike kwenye daftari na majibu yake, atie saini. Dada yake, mama wa Redio, alikuwa anaoka mikate kwenye tanuri la watu, akirudi hana hata nguvu ya kuvua viatu, kwa hiyo kazi ya kuuliza ikamwangukia mdogo mtu. Huyo naye shule aliiacha darasa la tano. Nyumbani ilijulikana kwamba ni homa ndiyo iliyomtoa, homa iliyoganda mwezi mzima, na baadaye ikaonekana haya kumrudisha akakae na watoto wadogo.

Akauliza kama mwalimu alivyoelekeza. Mbuzi ana rangi gani? Mweusi. Anaishi ghorofa ya ngapi? Ya tatu. Nani alimwamkia? Jirani. Majibu yote sahihi, na bado kuna kitu kilimkereketa. Fundi aliyemfundisha kushona alizoea kusema kwamba nguo haikaguliwi kwa nje, igeuze uone mshono. Basi akaamua kumgeuza Redio.

"Sikiliza. Jana dunguzi mmoja alichopoa ndezo sokoni. Nani alichopoa ndezo?"

"Dunguzi."

"Alichopoa nini?"

"Ndezo."

"Wapi?"

"Sokoni."

"Tatu kwa tatu. Haya, ndezo ni nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, redio ilikosa stesheni. Kisha akaelewa kwamba maneno hayo ni ya kubuni, amechezewa, akaanza kucheka, na mama mdogo akamrudisha kwenye ukurasa wa jirani. Wakasoma tena polepole. Walipofika kwenye ndevu, mtoto alikaa chini sakafuni kwa kicheko.

Toka hapo mambo yakabadilika. Sura moja iliwachukua jioni nzima, maana walisimama kila kona kubishana. Maswali ya mama mdogo nayo hayakuwa tena ya rangi na ghorofa. Aliandika lile alilotaka kulijua kweli: kwa nini baba wa msichana anajifanya hasikii mlio wa mbuzi? Nani anamdanganya nani? Redio alijibu kurasa mbili, akaomba penseli nyingine.

Halafu ikaja sura ya sita, siku ya mashindano ya mbio. Msichana, aliyesifiwa mtaa mzima kwa mbio zake, anabaki nyumbani. Anamwambia mama yake kwamba mbuzi amekula kiatu chake kimoja. Mama anampa pole, na sura inaishia hapo. Darasa zima waliulizwa kwa nini hakukimbia, darasa zima wakajibu mbuzi alikula kiatu, darasa zima wakapata vema.

Mama mdogo akarudi nyuma kwenye sura ya tano. Mbuzi alikuwa amemeza sponji ya kuogea akapelekwa kwa daktari wa mifugo, akalazwa. Akaenda mbele kwenye sura ya saba. Mbuzi anarudi. Akaandika: *Mbuzi alikula kiatu saa ngapi, naye yuko kwa daktari?*

Daftari likarudi na wino mwekundu. *Mzazi, jibu la swali hili liko ukurasa gani?*

Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Alikaa na kalamu muda mrefu kuliko anavyokaa na kola, mwishowe akaandika kwa herufi ndogo: *Samahani mwalimu, haliko ukurasa wowote. Liko katikati ya ukurasa wa 41 na wa 52.*

Siku mbili kimya. Siku ya tatu Redio aliingia mbio, begi linampiga mgongoni. Mwalimu amesoma swali mbele ya darasa. Watoto wamegombana mpaka kengele ya kutoka haikusikika. Mwalimu mwenyewe amekiri kwamba kitabu hicho anakifundisha mwaka wa nne na hakuwahi kuona. Na ameandika barua: *Mzazi wa swali la kiatu aje Ijumaa atusomee sura ya tisa.*

Kusoma kwa sauti. Mbele za watu. Mama mdogo angekubali kukata nyuzi za mashati mia kwa meno kuliko hilo. Kuuliza jikoni ni kitu kimoja, hapo anayesoma ni mtoto, yeye anafuata kwa macho. Hakuwa amesoma kwa sauti mbele ya mtu tangu alipotoka darasa la tano.

Ijumaa asubuhi akajifunga kanga kichwani. "Mwambie mwalimu nina homa."

Redio akamwangalia kwa makini, kama anavyoangalia ukurasa siku hizi. "Homa gani, mama mdogo? Umefua tangu alfajiri. Umeimba. Na mkate wangu umeumalizia wewe."

Aliyemfundisha mtoto kugeuza nguo ni yeye, sasa ageuzwe yeye. Akavua kanga, akavaa viatu.

Darasa lilikuwa na watoto arobaini na kitu, kitabu kimoja watu wawili. Mwalimu, dada mmoja mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye kiwiko, alimkaribisha na kumwambia asiwe na wasiwasi, maneno ambayo huongeza wasiwasi kuliko yote. Akapewa kitabu. Akaanza.

Alisoma sentensi mbili. Ya tatu akakwama, akairudia, akakwama tena pale pale. Masikio yakawaka moto. Akashika kitabu kwa mikono miwili na kulisukuma neno mpaka likapita. Hapo ilikuwa habari ya mwenyekiti wa jengo kubandika tangazo karibu na ngazi, kwamba ni marufuku kufuga mnyama yeyote. Mbuzi akasimama mbele ya tangazo. Akaliangalia kwa heshima kutoka juu mpaka chini. Kisha akalila.

Darasa likalipuka.

Alisimama ameinamisha kichwa, akingoja aibu imalize kupita kama anavyoijua. Haikuja. Akainua macho. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa kwenye ngazi na mbuzi. Nyuma kabisa mvulana mmoja anatafuna kona ya karatasi kuwaonyesha wenzake ilivyokuwa. Walikuwa wanacheka pale hadithi inapochekesha.

Akasoma mpaka mwisho. Alikwama mara tano zaidi, naye hakuzihesabu mpaka baadaye.

Mwalimu akaruhusu maswali, na bila shaka wakarudi kwenye kiatu. Wengine walisema kimeibiwa. Wengine walisema daktari wa mifugo ni mwongo. Mvulana wa karatasi alisema msichana alikificha mwenyewe chini ya kitanda, wakamzomea. Nani afiche kiatu chake, tena ana mbio kuliko wote? Mwalimu akamgeukia mgeni.

Redio ndiye aliyenyoosha mkono. "Mama mdogo, kwa nini mtu afiche kiatu chake mwenyewe?"

Angeweza kusema hajui. Jibu halikuwa ukurasa wowote. Alifunga kitabu, akaacha kidole ndani.

"Kwa sababu ukisema kiatu kimeliwa, watu wanakupa pole," alisema. "Ukisema unaogopa kushindwa mbele za watu, hujui watakupa nini."

Redio alikuwa bado ameinua mkono, amesahau kuushusha.

"Mimi niliacha shule darasa la tano. Mama yako mpaka leo anajua ilikuwa homa. Nilikuwa nikisoma nakwama, wenzangu wakaniita Injini Baridi. Sikuwa na homa. Kiatu nilikificha mwenyewe."