Mwanga Sakafuni kwa Domisiana

Ndugu Celestini, aliyetumwa kugawa viwanja, alikuwa anasifia kijiji kipya huku anafukuza inzi kwa kofia. "Barabara hii hapa. Bomba la maji linakuja. Viwanja vyenyewe mnaviona, vimenyooka." Watu walioteremshwa kwenye lori walitazama ule uwanda mkavu, wakauliza migomba iko wapi.

"Mtapanda," alisema.

Domisiana alipewa kiwanja kando ya barabara. Nyumba yake kule mlimani mgambo walikuwa wameshaiezua ili asirudi, na mumewe Bernardo alibaki amezikwa katikati ya migomba yao. Kesho yake asubuhi kivuli cha ile migomba kikafika. Mgomba haukuwepo hata mmoja, ila vivuli vya majani vilitikisika pale kwenye vumbi, na ukisimama unayasikia yanasuguana. Jirani yake Koleta akaleta mkeka, akakaa.

"Mwenzangu umehama na mali yako," alisema. "Vivuli vyangu vimepotea, au vinangoja lori?"

Katikati ya kivuli palikuwa na kipande cha jua, urefu wa mtu mzima, na hakikuhama hata jioni. Domisiana alikijua. Juu ya kaburi la Bernardo hakupanda mgomba.

Kamba ya kupimia nyumba ikapita hapo hapo.

"Ndugu, nisogeze kidogo tu. Mume wangu amelala hapo."

Celestini aliangalia, akaona kweli ni mtu. "Pole, mama. Lakini nikikusogeza wewe, mstari wote unapinda. Na yeye hajaandikishwa hapa."

"Basi niache nirudi kwake."

"Kule ni pori sasa."

Nyumba ikajengwa. Nyasi zikaezekwa nene, dirisha hakuna, na jua likabaki sakafuni mchana na usiku. Vifaranga walilala pale kwa ajili ya joto. Domisiana alilala ukutani, miguu ameikunja asimkanyage.

Lori lingine lilipokuja, Celestini aliwaleta wageni mpaka mlangoni kwake. "Kivuli mnakiona. Na ndani kuna mwanga, mafuta ya taa hamnunui."

Mama mmoja, Kankindi, alichungulia, akavua kandambili.

"Ni nani?" aliuliza taratibu.

"Ni baba watoto."

"Wangu naye yuko kwenye migomba. Nimwachie nafasi?"

"Mwachie," alisema Domisiana.

Nje, Celestini alikuwa ameshavuta kamba ya nyumba ya Kankindi.